Machungwa Tunampelekea Mgonjwa, Mzima Je?

Nenda Bombo, hospitali yetu ya mkoa, saa ya kuona wagonjwa. Kila mtu wa pili ameshika mfuko wa machungwa. Desturi nzuri, sina nia ya kuivunja. Ninachouliza ni kwa nini mzee huyo huyo, kabla hajalazwa na baada ya kuruhusiwa, hupitisha wiki nzima nyumbani bila kuonja tunda. Sisi watu wa Tanga, ambao malori yamebeba machungwa ya Muheza yanatupita kwenda Dar es Salaam na Nairobi, tumeyafanya matunda kuwa zawadi ya wodini na kitu cha watoto. Tunakosea, na ninaloliogopa zaidi ni mifupa ya wazee wetu.

Habari ya mifupa tumezoea kuisikia upande wa maziwa na dagaa, yaani kalsiamu. Ni kweli, ila ni nusu ya habari. Chukua nyumba ya udongo ya pwani: husimamishwa miti, zikafungwa fito kwa kamba, ndipo udongo ukakandikwa. Kalsiamu na fosforasi ndiyo udongo. Fito ni kolajeni, nyuzi ambazo ni kama asilimia 90 ya protini yote ya mfupa. Vitamini C ndiyo inayokaza kamba: vimeng'enya vinavyoziandaa nyuzi za kolajeni zisukike tatu tatu na kushikana haviwezi kazi hiyo vitamini hii ikikosekana. Mfupa wenye madini tu unaweza kuwa mgumu, lakini hukatika upesi. Kolajeni ndiyo inayoufanya ustahimili kishindo mtu akiteleza bafuni.

Na kolajeni haiko kwenye mifupa peke yake. Imo kwenye ufizi, kwenye ngozi, kwenye gegedu la goti, kwenye kuta za mishipa ya damu. Ndiyo maana kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, humvamia mtu kila mahali kwa pamoja. Fizi zinavimba na kutoa damu, meno yanalegea, mwili unavia damu bila kugongwa, vidonda vilivyokwisha kupona vinafunguka upya. Mtoto hukataa hata kusimama, kwa kuwa damu imevujia chini ya utando unaofunika mfupa wa mguu. Mbuzi hapatwi na haya, ini lake linajitengenezea vitamini C. Binadamu hana uwezo huo. Akikosa kabisa chakula chenye vitamini hii, dalili huanza kujitokeza ndani ya miezi michache tu.

Pwani yetu imo katika historia ya ugonjwa huu, na nadhani inastahili kufundishwa shuleni. Aprili 1498 merikebu moja ya Vasco da Gama, São Rafael, ilikwama kwenye mafungu ya Mtangata, upande wa Tongoni, kusini mwa Tanga mjini. Maji yalipokupwa ikabaki kwenye nchi kavu, na wenyeji wakaijia kwa mitumbwi, mmoja umejaa machungwa. Mwenye kuandika shajara ya safari ile alikiri kuwa ni mazuri kushinda ya Ureno. Mwaka uliofuata Wareno wakarudi kutoka India, baada ya karibu miezi mitatu ya bahari tupu na mabaharia wapatao 30 kufa kwa kiseyeye. Walipofika Malindi, kitu walichokitafutia wagonjwa wao ni machungwa. Wazima waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu tatu, kwa hiyo São Rafael ikachomwa moto kwenye mafungu yale yale ya Mtangata, Januari 1499. Daktari wa meli James Lind alikuja kufanya jaribio lake la machungwa na malimau mwaka 1747, na jeshi la majini la Uingereza likaanza kuwagawia mabaharia wake maji ya limau mwaka 1795. Karibu miaka 300 ilikuwa imepita tangu mtumbwi wa Mtangata.

Leo kiseyeye kamili si ugonjwa wa kuukuta kila nyumba. Lakini tazama sahani ya mzee wa mjini. Asubuhi chai na mkate, mchana wali au ugali na samaki, jioni chai tena. Mboga ikiwepo ni mchicha uliochemshwa mpaka ukalegea, maji yake yakamwagwa, na vitamini C iliyoponea motoni ikaenda na maji hayo. Shangazi yangu wa Pongwe alikuwa hivyo. Magoti yanauma, vidonge anavyo, dagaa anakula, tunda hagusi. Meno yamepungua, na chungwa kwake ni kazi ya kutafuna. Kumbe lilihitaji kukamuliwa tu.

Kiasi chenyewe si kikubwa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 45 kwa siku kwa mtu mzima. Wataalamu wa Marekani wamepanda hadi 75 kwa mwanamke na 90 kwa mwanamume. Chungwa moja la wastani lina kama 70. Pera, ambalo tunawaachia watoto na popo, ni tajiri zaidi: gramu 100 zake huwa na zaidi ya miligramu 200. Papai nalo halimsumbui asiye na meno. Ubuyu una vitamini C nyingi pia, ila hapo nasema unga wake uliokorogwa katika maji yasiyo moto. Ule mwekundu uliopikwa kwa sukari na rangi ni peremende, tusijidanganye.

Lipo na hili la ndimu kukausha damu. Binti akilamba ndimu anakemewa, mjamzito ndiyo kabisa. Mambo ni kinyume chake. Madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, kunde na mchicha hufyonzwa kwa shida, na vitamini C ndiyo inayoyasaidia kuingia mwilini. Kinachozuia ni chai ya rangi tunayoiteremshia chakula. Mama mwenye upungufu wa damu akamulie ndimu kwenye maharage yake, na chai aisogeze mbele walau saa moja.

Kuna watakaosema vidonge vinatosha, hasa vile vya kuyeyusha kwenye glasi, tulivyovigombania wakati wa korona. Kwa mtu wa kawaida havizuii mafua. Wanaovitumia kila siku hupunguziwa muda wa kuugua kidogo tu. Ukipita miligramu 2,000 kwa siku unakaribisha kuhara, na kwa baadhi ya watu mawe ya figo. Wala sisemi kwamba chungwa litaponya goti lililosagika. Tafiti za kuwafuatilia watu kwa miaka zinaonyesha kuwa wanaokula zaidi vyakula vyenye vitamini C huvunjika nyonga mara chache zaidi, lakini watu hao mara nyingi wana mazoea mengine mazuri pia. Kalsiamu, jua la asubuhi na kutembea bado vinahitajika. Mwenye kisukari ale chungwa zima badala ya juisi, na mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari wake kwanza.

Ninalolitaka linawezekana kesho. Kwenye shule ambazo wazazi huchangia mahindi na maharage ya makande, kamati iongeze tunda kwenye orodha. Shule nyingi za Muheza zimezungukwa na michungwa, na msimu ukipamba moto bei huanguka mpaka mengine yanaozea chini ya mti. Mzazi mwenye shamba hashindwi na debe moja, na lile chungwa la baada ya makande ndilo litakalomwezesha mtoto kufaidi chuma cha yale maharage aliyokwisha kuchangiwa.