Usimwambie Mzee wa Steshenari Asasishe Brauza

Alhamisi iliyopita, saa tatu usiku, mpwa wangu alinipigia simu kutoka steshenari moja Mbagala Rangi Tatu.

"Mjomba, ukurasa mweupe."

Mweupe vipi?

"Mweupe tu, kama karatasi."

Alikuwa anaomba nafasi ya mafunzo kwenye taasisi ambayo siitaji, maana na mimi nina watoto na siku moja nitaihitaji. Maombi yanafungwa saa sita usiku, siku hiyo hiyo. Alishapiga namba ya huduma kwa wateja, akapigiwa muziki mpaka salio likakaribia kukata, mwisho akajibiwa: "Dada, sasisha brauza yako."

Brauza yake, ile programu ya kufungulia tovuti! Kana kwamba mtoto wa watu katoka nyumbani na brauza kwenye pochi.

Nikapanda bodaboda.

Steshenari yenyewe mnaijua, hata kama hamjawahi kufika hiyo. Mashine ya kopi mlangoni, laminesheni, picha za pasipoti zimebandikwa ukutani na baadhi ya wenye sura hizo sasa wana wajukuu. Kompyuta mbili. Ya wateja ina kibodi ambayo herufi A na E zilishafutika, Mzee akazichora upya kwa wino mweupe. Feni inaunguruma kama mashine ya kusaga. Ndani, Windows 7.

"Kijana wangu," Mzee akaniambia, "mimi hii brauza naitaka mpya. Yenyewe ndiyo inakataa." Akanionyesha ule mstari wa juu kwenye Chrome unaosema kompyuta hii haitapata tena matoleo mapya mpaka iwe na Windows 10 au zaidi. Kila asubuhi anaufunga kama anavyofukuza nzi kwenye chai.

Chrome yake ni 109. Wenzangu mnaotengeneza tovuti kama mimi mshaelewa. Ndiyo ya mwisho kwa Windows 7, ilitoka Januari 2023, na baada ya hapo mlango ukafungwa. Kwa hiyo yule dada wa huduma kwa wateja aliposema "sasisha brauza", maana yake ilikuwa "nunua kompyuta". Basi semeni hivyo. Andikeni kwa herufi kubwa pale juu: NUNUA KOMPYUTA NDIPO UOMBE NAFASI. Tutawaelewa, tutawachukia, lakini tutawaelewa.

Nikabonyeza F12, kitufe kinachofungua dirisha la makosa ya ukurasa. Mstari mmoja mwekundu: e.toSorted is not a function.

Nikacheka. Mzee akadhani nimeshapata dawa.

Kwa wasioandika JavaScript, lugha inayoendesha kurasa za tovuti: toSorted ni njia ya kupanga orodha bila kuivuruga ile ya mwanzo. Nzuri, safi, naipenda. Iliingia kwenye Chrome toleo la 110. Mia na kumi! Mzee ana mia na tisa. Mpwa wangu alikuwa anakosa nafasi ya mafunzo kwa toleo moja, na kwa kitu ambacho miaka yote tumekifanya kwa kuchukua nakala ya orodha na kuita sort, ambayo inakubali mpaka kwenye brauza za enzi za kaseti.

Lakini hilo si lililoniudhi. Nikataka kujua hiyo orodha inayopangwa kwa mbwembwe hivyo ni ya nini. Nikafungua kichupo cha mtandao, nikaangalia seva imeleta nini. Ilikuwa orodha ya mikoa. Mikoa 31 ya Tanzania, ambayo mara ya mwisho kuongezeka ilikuwa 2016 ilipozaliwa Songwe. Na imekuja kutoka kwenye seva ikiwa imeshapangwa! Arusha, Dar es Salaam, Dodoma, inashuka hivyo hivyo kwa alfabeti mpaka Tanga. Mtu kachukua orodha iliyonyooka akaagiza inyooshwe tena, na kwa kuinyoosha akaua ukurasa mzima. Hakuna jina, hakuna namba ya simu, hakuna hata nembo ya taasisi. Mweupe.

Hapa ndipo napogombana na madevelopa wenzangu, na nitagombana nao mpaka mchana.

HTML, lugha inayojenga ukurasa, ina adabu. Ikikutana na tagi isiyoijua, inaonyesha kilichomo ndani na safari inaendelea. CSS, ile inayoupamba, nayo ina adabu. Ikikuta mstari isiouelewa inauruka kimya kimya, inakwenda kwenye unaofuata. Niliwahi kutengeneza tovuti ya duka la vipuri, vitufe nikavitenganisha kwa gap ndani ya flex, amri ya CSS ya kuacha nafasi, kitu ambacho Chrome ilikuja kukijua kwenye toleo la 84, mwaka 2020. Kwenye simu ya dereva mmoja vitufe vikabanana kama abiria wa mwendokasi saa kumi na mbili jioni. Ilikuwa aibu. Lakini dereva alibonyeza, oda ikapita, spea ikafika. Ubaya wa sura haujawahi kumnyima mtu huduma.

JavaScript haina adabu hiyo. Neno moja isilolijua, inakaa chini na kususa. Na kama ukurasa wote umejengwa nayo, kuanzia kichwa cha habari mpaka kisanduku cha jina, basi ikisusa yenyewe kila kitu kimesusa. Hili tumejichagulia. Hakuna aliyetulazimisha fomu ya visanduku kumi na mbili iwe "aplikesheni". Fomu ni fomu. Iandike kwa HTML, itoke kwenye seva ikiwa nzima, ina kitufe chake cha kutuma. Ikishasimama, pamba utakavyo: ipangie mikoa, iwekee alama za tiki za kijani, irushie maua mtu akimaliza. Maua yakigoma kwenye kompyuta ya Mzee, fomu bado ipo. Hiki si kitu kigeni, watu wa kazi hii wamekuwa wakikisema tangu 2003. Tunakijua. Tunaona uvivu tu, na fremuweki, zile JavaScript zilizoandaliwa tayari, zinatubembeleza.

Na mimi si malaika. Miaka michache nyuma niliua ukurasa wa mteja kwa herufi mbili: alama ya kuuliza na nukta. Ile ya kuulizia kama kitu kipo kabla hujakifungua. Chrome iliijua toleo la 80. Watu wakawa wanafungua kiungo ndani ya apu nyingine kwenye simu zenye WebView ya kale, ile brauza iliyojificha ndani ya apu, na kwa kuwa hilo ni kosa la sintaksia, yaani la kanuni za uandishi wa lugha, faili zima halisomwi. Hata mstari wa kwanza haukufikiwa. Mteja akanipigia: "Kaka, wateja wangu wanasema nimefunga biashara?" Najua ninachokisema kwa sababu nilishakila.

Mtaniambia Babel, chombo cha kugeuza JavaScript mpya iwe ya zamani. Babel inatafsiri sintaksia. Ile alama ya kuuliza na nukta ingeisawazisha vizuri tu. Lakini toSorted si sintaksia, ni kitu ambacho ama brauza inacho ama haina, na kama hujaleta kiraka mwenyewe, yaani msimbo wa kujazia kilichokosekana, Babel itakipitisha kama kilivyo. Na viraka vyenyewe muwe navyo macho: Juni 2024 ilibainika kwamba polyfill.io, ambayo watu waliiunganisha moja kwa moja kwenye kurasa zao ili kusaidia brauza za zamani, ilikuwa imebadili mmiliki na inamwaga msimbo wa kihuni kwenye tovuti zaidi ya laki moja. Weka viraka vyako kwenye seva yako.

Haya, na upande wa pili wana hoja, ingawa siipendi. Chrome 109 haizibwi mashimo tena, na kwenye kompyuta ya steshenari zinapita nywila za mtaa mzima. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 7 tangu Januari 14, 2020. Siyo salama, na Mzee nilimwambia. Akaniuliza, "Kwa hiyo niwafukuze?" Sikuwa na jibu. Kama hoja ni usalama, basi taasisi ingeweka onyo, mtu asome, achague. Ukurasa mweupe haumlindi mtu yeyote. Ule si ulinzi, ni ajali iliyokuja kupewa jina la ulinzi baadaye.

Ni kweli pia kwamba huwezi kuhudumia kila kitu milele. Walioanza kazi hii kabla yangu waliteseka na Internet Explorer 6, brauza ya Microsoft iliyotoka 2001 na ikakaa miaka mitano bila mrithi, mpaka 2011 Microsoft wenyewe wakaanzisha kampeni ya kuomba watu waiache. Internet Explorer 11 ilipozikwa Juni 15, 2022, nilinunua soda. Lakini mnakumbuka kilichotukera zaidi enzi zile? Zile tovuti zilizokuwa zimeandikwa chini kabisa kwamba zinaonekana vizuri kwenye Internet Explorer. Leo tunaandika "tumia Google Chrome toleo jipya" na hatuoni haya.

Na ukiwa na iPhone 6 iliyogota iOS 12, hata kubadili brauza hakukusaidii, maana zote humo ndani ni WebKit ile ile, injini ya Apple, iliyovaa kofia tofauti.

Nirudi Mbagala. Saa nne na nusu. Mpwa wangu anang'ata kucha, Mzee anajifanya anapanga karatasi. Hapo nikakumbuka Firefox 115, brauza yenye nembo ya mbweha. Ndiyo ya mwisho inayokubali Windows 7, Mozilla walisogeza mwisho wake zaidi ya mara moja, na kwa bahati ambayo sina haki ya kujivunia, toSorted iliingia Firefox kwenye toleo hilo hilo la 115. Nikawasha hotspoti, nikaishusha kwa bando langu. Tukafungua.

Nembo ikatokea. Fomu ikatokea. Mikoa 31 ikatokea, Arusha mpaka Tanga, imepangwa mara mbili kwa usalama.

"Anko, umefanyaje?" Akishangaa huwa naacha kuwa mjomba, nakuwa anko.

Saa tano na dakika ishirini akatuma. Mzee akachapa risiti ya maombi, akakataa hela yangu, ya mpwa wangu akapokea.

Usiku ule ule niliandika barua pepe kwa taasisi. Kwa heshima zote, nikaweka picha ya lile kosa, jina la faili, mstari, na njia ya kurekebisha ambayo ni kufuta neno moja. Jumatatu wakanijibu. Wanashukuru kwa maoni yangu, na wananishauri nitumie toleo jipya la Google Chrome.

Jana nilipita Rangi Tatu kutoa kopi. Kwenye pembe ya kioo cha kompyuta ya wateja Mzee amebandika selotepu nyeupe, ameandika kwa kalamu nzito: IKIGOMA BONYEZA MBWEHA.