Ufilipino ya Wahispania: sheria zilikuwapo, wa kumshtakia hakuwapo

Ukisoma sheria peke yake, mkulima wa Ufilipino wa karne ya 17 hakuwa na hali mbaya sana. Mwanaume wa miaka 16 hadi 60 alidaiwa siku 40 kwa mwaka za kazi ya shokoa, iliyoitwa polo, lakini shokoa yenyewe iliwekewa mipaka: apewe ujira na mchele, asipelekwe mbali na kwao, asiitwe wakati wa kupanda wala wa kuvuna. Ukafika mwaka 1649. Gavana Diego Fajardo alitaka kuwapumzisha watu wa mikoa ya karibu na Manila, waliokuwa wamechakaa kwa kukata magogo na kuunda meli za mfalme, akaagiza watu wa visiwa vya Visaya nao walete vibarua kwenye gudi la Cavite, karibu na Manila. Kutoka Samar, kimoja cha visiwa hivyo, hadi Cavite ni kuvuka bahari na kuacha mke, watoto na shamba. Watu wa Palapag, mji wa Samar, wakakataa. Wakiongozwa na Sumuroy walimuua padri wao, wakakimbilia milimani, na uasi ukaenea visiwa jirani hadi ulipozimwa mwaka 1650.

Aliyevunja sheria hapo alikuwa gavana mwenyewe, tena kwa nia ya kuwaonea huruma raia wengine. Ndiyo sababu sitosheki na ubishi uliozoeleka kuhusu miaka zaidi ya 300 ya Wahispania, tangu Miguel López de Legazpi alipotua Cebu mwaka 1565 hadi 1898. Upande mmoja unasema ulikuwa wizi na unyama mtupu. Mwingine unasema Hispania iliunganisha maelfu ya visiwa, ikaleta dini, shule na sheria. Kila upande una ushahidi wake. Swali lenye uzito, kwa maoni yangu, ni jingine: sheria ilipovunjwa, mnyonge alimwendea nani?

Tuanze na wanaoitetea Hispania, maana hoja zao si za kudharau. Visiwa hivyo kabla ya Wahispania havikuwa pepo. Kulikuwa na machifu walioitwa datu, watu huru, na chini yao alipin, wengi wao waliofungwa na deni ambalo mtoto aliweza kulirithi. Wahispania walipiga marufuku utumwa wa wenyeji, hata kama marufuku hiyo ilitekelezwa polepole na kwa kusuasua. Chuo Kikuu cha Santo Tomás mjini Manila kilianzishwa mwaka 1611. Watawa walijifunza Kitagalogi, Kiilokano na Kivisaya, wakaandika sarufi na kamusi, na mwaka 1593 kitabu cha mafundisho ya dini kilichapwa Manila kwa Kihispania na Kitagalogi. Mahindi, viazi vitamu na kakao vilikuja na majahazi makubwa ya Acapulco. Isitoshe, kwa muda mrefu koloni hilo halikuwa na faida kwa hazina ya mfalme. Liliendeshwa kwa ruzuku ya fedha iliyotoka Mexico.

Hata suala la pa kushtakia lilikuwa na jibu mwanzoni. Askofu wa kwanza wa Manila, Mdominika Domingo de Salazar, aliitisha sinodi mwaka 1582 na kuwakemea waliokabidhiwa vijiji na mfalme kisha wakawakamua watu kodi kupita kiasi. Alimwandikia mfalme, na mwishowe akasafiri mwenyewe hadi Hispania. Katika kizazi kile cha kwanza mwanakijiji aliyeonewa na mwanajeshi aliweza kukimbilia kwa padri, na padri akamsikiliza.

Kilichofuata ndicho kilichoharibu. Wahispania walikuwa wachache mno, na karibu wote walijazana ndani ya kuta za Manila, wakiishi kwa kupakia hariri ya China kwenye meli ya Acapulco na kusubiri fedha irudi. Biashara hiyo ilidumu hadi 1815. Nje ya Manila, katika miji mingi, Mhispania pekee ambaye watu waliwahi kumwona alikuwa paroko wao, Mwagustino, Mfransisko, Mdominika au Mrekoleto. Watu walihamishwa kutoka vitongoji vyao vilivyotawanyika, wakakusanywa waishi mahali kengele ya kanisa inaposikika. Taratibu kazi za serikali zikamwangukia padri yule yule. Kufikia karne ya 19 ndiye aliyekagua shule, aliyehakiki orodha ya walipa kodi, aliyesimamia uchaguzi wa mkuu wa mji na aliyetoa cheti cha mwenendo mwema. Na mashirika ya watawa, ukiwaacha Wafransisko, yakawa wamiliki wa mashamba makubwa kuizunguka Manila. Aliyekuwa wakili wa mwanakijiji sasa akawa mwenye ardhi, mkaguzi na shahidi wa serikali kwa wakati mmoja. Ukigombana naye, hati yako inasainiwa na nani?

Palikuwa na wa juu zaidi, kwenye karatasi. Gavana alitakiwa kuhojiwa mwisho wa muhula wake, na Manila ilikuwa na mahakama kuu. Lakini mlango huo uliwafaa zaidi Wahispania walioshtakiana wenyewe kwa wenyewe, na kwa karne mbili unusu barua kwenda Madrid ilipitia Mexico, jibu likachukua mwaka au miaka miwili kurudi. Mkuu wa mkoa naye, hadi 1844, aliruhusiwa kufanya biashara katika mkoa anaoutawala. Yaani mnunuzi wa mpunga wako ndiye hakimu wako.

Chini ya padri alikuwapo Mfilipino mwenzako. Jambo hili huwakera wanaopenda historia ya weusi na weupe, ila haliepukiki. Watoto na wajukuu wa datu waligeuzwa kuwa cabeza de barangay, wakuu wa mitaa ya kaya chache, wakasamehewa kodi na shokoa, na kazi yao ikawa kukusanya kodi ya wengine. Msomaji wa huku kwetu anayewakumbuka majumbe na maakida wa enzi ya Wajerumani hatahitaji maelezo marefu. Kodi isipotimia, cabeza alifidia kutoka mfukoni mwake, na wako waliofilisika na kufungwa kwa ajili hiyo. Wengine walijua jinsi ya kurudisha hasara kwa majirani zao, kwa mikopo iliyoishia kumeza shamba. Kwa hiyo tukisema “Hispania iliwanyonya Wafilipino” tunasema kweli, ila mkono uliopokea sarafu mlangoni mara nyingi ulikuwa wa mtu wa kijijini, tena aliyesali kanisa lile lile.

Mfano unaonisumbua zaidi ni wa tumbaku. Gavana José Basco alianzisha ukiritimba wake mwaka 1782, na shabaha yake ilikuwa ya busara: koloni lijitegemee, liachane na ruzuku ya Mexico. Kwa hesabu za hazina alifaulu, na Mexico ilipojitenga mwaka 1821 Manila haikufa njaa ya fedha. Viwanda vya sigara vya Manila viliajiri maelfu ya wanawake, ajira ya mshahara ambayo haikuwahi kuwapo. Sasa nenda bonde la Cagayan, kulikolimwa tumbaku hiyo. Kila kaya ilipangiwa idadi ya miche. Mnunuzi alikuwa mmoja tu, serikali, na ndiye aliyepanga daraja la jani na bei yake. Lililokataliwa lilichomwa, na mkulima hakuruhusiwa hata kujisokotea sigara kwa jani lake mwenyewe. Walinzi waliingia nyumbani kupekua. Na hazina ilipokaukiwa, mkulima alilipwa hati ya ahadi badala ya fedha, ahadi iliyoweza kukaa miaka, kiasi kwamba wengi waliiuza kwa walanguzi kwa bei ya kutupa. Mfumo huo ulidumu miaka 100 kamili, hadi 1882. Takwimu za Basco na kilio cha Cagayan vyote ni vya kweli.

Kusini hali ilikuwa nyingine kabisa. Masultani wa Sulu na Maguindanao hawakuwahi kutawaliwa kikamilifu. Wahispania waliwaita Wamoro, jina la Waislamu waliopigana nao kwao, na walikuja na vita hiyo kichwani. (Ferdinand Magellan, aliyewafikisha Wahispania wa kwanza visiwani humo na aliyeuawa Mactan mwaka 1521 na watu wa Lapulapu, alikuwa kijana katika msafara wa Wareno wa 1505 chini ya Francisco de Almeida, ule ulioiteka Kilwa na kuichoma Mombasa.) Mashua za Sulu zilivamia pwani za Visaya kuteka watumwa, ndiyo maana makanisa mengi ya huko yana kuta za ngome. Watetezi wa Hispania husema watu wa pwani walihitaji ulinzi wake. Kweli, lakini ulinzi wenyewe ulikuwa hafifu, na kila shambulio la Wahispania dhidi ya Jolo, makao ya sultani wa Sulu, lilileta lingine la kulipiza.

Karne ya 19 ndipo hoja ya utetezi inapoyumba, na ajabu ni kwamba inayumba kwa sababu ya mafanikio. Bandari zilifunguliwa kwa wafanyabiashara wa nje, mfereji wa Suez ukafupisha safari ya Ulaya mwaka 1869, amri ya 1863 ikaagiza shule za msingi katika kila mji. Wakatokea Wafilipino na machotara wa Kichina wenye mali na elimu, wenye watoto waliosoma Madrid. Hawa hawakudai uhuru. Walidai kuwa Wahispania kamili: sheria ile ile, gazeti huru, parokia kwa mapadre wazalendo, yaani waliozaliwa visiwani, na wabunge. Ufilipino ilikuwa na wajumbe katika bunge la Hispania enzi ya Katiba ya Cádiz ya 1812. Mwaka 1837 uwakilishi huo ukafutwa na Ufilipino haikurudishiwa kamwe. Cuba na Puerto Rico zilirudishiwa. Sijaona mtetezi anayeieleza tofauti hiyo kwa namna inayoridhisha.

Tarehe 20 Januari 1872 askari na mafundi wa gudi la Cavite waliasi, baada ya kuondolewa msamaha wao wa kodi na shokoa. Uasi ulizimwa haraka. Serikali ikaona njama kubwa, na tarehe 17 Februari mapadre watatu waliokuwa wakitetea haki ya mapadre wazalendo, Mariano Gómez, José Burgos na Jacinto Zamora, walinyongwa hadharani kwa chuma cha shingoni.

Kisa cha Calamba, mji wa kusini mwa Manila, kilikuja baadaye, na hapo kila kitu kinaonekana kwa karibu. Mwaka 1887 serikali yenyewe iliuliza habari za shamba la Wadominika huko. José Rizal, daktari aliyerudi kutoka Ulaya, akawasaidia wapangaji kuandika majibu: kodi ya ardhi inapanda hata mavuno yakiharibika, na mwenye shamba hachangii chochote. Walitia saini zao. Kesi ikaenda mahakamani, wapangaji wakashindwa, na kufikia mwaka 1891 Gavana Valeriano Weyler alishatuma askari wawatoe watu na kubomoa nyumba. Wazazi wa Rizal walifukuzwa, kaka yake akapelekwa uhamishoni kisiwa cha Mindoro. Wapangaji waliitwa kusema, wakasema, wakapigwa kwa kusema.

Haki inataka nitaje pia kwamba familia ya Rizal haikuwa ya walalahoi. Walikodi eneo kubwa na kulikodisha kwa wakulima wadogo waliogawana nao mavuno. Malalamiko ya hao wa chini hayakufika Madrid kwa maandishi ya mtu yeyote.

Mageuzi yalikuja: shokoa ilipunguzwa hadi siku 15 mwaka 1884, na sheria ya 1893 iliipa miji mamlaka zaidi, paroko akibaki na sauti. Huenda kizazi kimoja zaidi kingetosha. Lakini Rizal alipoanzisha chama chake cha amani Julai 1892 alikamatwa ndani ya siku chache na kupelekwa uhamishoni Dapitan, na siku zile zile Andrés Bonifacio na wenzake wakaanzisha Katipunan, chama cha siri cha kupigana. Mwishoni mwa Agosti 1896 wakachana vyeti vyao vya kodi na kuanza vita. Rizal aliukana uasi huo kwa maandishi. Tarehe 30 Desemba akapigwa risasi.

Wajumbe wa jamhuri mpya ya Wafilipino walipokutana mjini Malolos, kifungu cha kutenganisha dini na dola kilipita kwa tofauti ya kura moja, baada ya chuki yote hiyo dhidi ya watawa. Mashamba ya watawa yalinunuliwa na Wamarekani, walioichukua Ufilipino kutoka kwa Hispania, mwaka 1903 kwa dola zipatazo milioni 7, ili wauziwe wapangaji. Bei na masharti vilimshinda mkulima mdogo, na sehemu kubwa ikaangukia mikononi mwa familia zilizokuwa na uwezo, nyingi za ukoo wa wale wale waliokuwa wakikusanya kodi.