Aliyecheka kwenye kipindi cha hesabu huenda ndo ameelewa

Kuna mwalimu aliwahi kunitoa darasani kwa kucheka katikati ya kipindi cha hesabu, na mpaka leo naamini nilicheka kwa sababu nilikuwa nimeelewa. Tulikuwa kwenye ule uthibitisho wa Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, una zaidi ya miaka 2000, kwamba namba tasa (zile kubwa kuliko 1 zinazogawanyika kwa 1 na kwa zenyewe tu) hazina mwisho. Yaani anatokea mtu anasema mimi namba tasa zote ninazo, hizi hapa, hakuna nyingine. Humbishii. Unamwambia sawa, sasa zizidishe zote halafu jumlisha 1, na jibu analopata haligawanyiki kwa namba yoyote kati ya zile zake, wakati kila namba kubwa kuliko 1 lazima igawanyike kwa namba tasa fulani, kwa hiyo lazima kuna namba tasa ambayo hanayo! Njia ya mwongo fupi. Umetumia maneno yake mwenyewe kumbana, na vichekesho vizuri karibu vyote vinaenda hivyohivyo, unakubali jambo dogo, unalifuata kwa uaminifu mpaka linakufikisha mahali hukutegemea kabisa.

Kuna nyingine naipenda zaidi. Tuseme kati ya namba za kuhesabia, 1, 2, 3 na kuendelea, zipo ambazo hazina mvuto wowote. Basi lazima kuna iliyo ndogo kuliko zote kwenye kundi hilo. Lakini si tayari hiyo inavutia, kwa kuwa ndo ya kwanza kuboa? Basi itoe, na ukiitoa inayofuata nayo inashika nafasi yake, hivyo hivyo mpaka hakuna inayobaki. Huo ni utani au uthibitisho? Mimi nasema ni vyote viwili, japo neno "mvuto" halina maana kamili kihesabu na hapo ndipo ujanja ulipojificha, na kuugundua huo ujanja nako ni kufikiri kihesabu.

John Allen Paulos, mwanahisabati wa Marekani, aliandika kitabu kizima kuhusu undugu huu wa hesabu na utani mwaka 1980, kwa hiyo siyo wazo la juzi.

Watu wanasema utani ukielezewa unakufa. Kweli kabisa, ila na uthibitisho nao ukitafuniwa kila hatua kabla hujapata muda wa kushangaa unakufa vilevile, mwanafunzi anabaki kunakili tu. Walimu wangu wapendwa, mkifika ule mstari wa mwisho nyamazeni kidogo, na akitokea wa kucheka msimtoe nje, muulizeni kaona nini.