Caligula na Malezi ya Hofu

Kila anapotajwa Caligula, aliyetawala Roma tangu mwaka 37 hadi 41 BK, wengi husema alikuwa mwendawazimu na mjadala huishia hapo. Wanaorejea utoto wake hushutumiwa kuwa wanamtafutia muuaji udhuru. Shutuma hiyo haiwatendei haki, kwa sababu kueleza ukatili ulikochipukia si kuuhalalisha.

Baba yake, Germanicus, alifariki Antiokia mwaka 19, mtoto akiwa na umri wa miaka 7, na watu wengi waliamini kwamba alilishwa sumu. Mwaka 29 Kaisari Tiberius aliwahamishia mama yake, Agrippina, na kaka yake mkubwa katika visiwa tofauti, na wote wawili walifia uhamishoni. Kaka wa pili alikufa kwa njaa gerezani mwaka 33, mwaka uleule aliofariki mama.

Linalonishughulisha zaidi ni kwamba habari za kifo cha mama na cha kaka wa pili zilimkuta Caligula akiishi katika kisiwa cha Capri na Tiberius mwenyewe, kijana anayekula mezani pa mtu aliyeiangamiza familia yake. Suetonius, mwandishi Mroma wa maisha ya makaisari, anaeleza kwamba waliokuwapo walimchokoza ili alalamike, naye hakutamka neno, kana kwamba hakuna jamaa yake aliyedhurika. Kwa takriban miaka sita alijifunza kwamba uhai hutegemea hali ya moyo wa mtu mmoja, na kwamba uso unaoonyesha huzuni unaweza kumponza mwenyewe.

Alipotawazwa, alivuka bahari iliyochafuka kwenda kuchukua majivu ya mama na kaka yake, kisha akatangaza kwamba amechoma nyaraka za kesi zao, asimjue aliyewashtaki wala aliyewashuhudia. Lakini mwanahistoria wa kale Cassius Dio anasimulia kwamba mwaka 39 nyaraka hizohizo zilisomwa mbele ya Seneti, na mchango wa kila mmoja katika maangamizi yale ukaanikwa. Mwendawazimu hatunzi nyaraka kwa miaka miwili akingoja siku ya kuzisoma. Anayefanya hivyo ni mtu aliyeficha msiba wake mpaka akapata uwezo wa kuulipiza.

Upande wa pili una hoja nzito pia. Suetonius aliandika takriban miaka 80 baada ya kifo cha Caligula, akirithi masimulizi ya tabaka la maseneta lililomchukia. Kuna pia ugonjwa mkali uliompata mwaka 37, ambao baadhi ya waandishi wa kale waliuona kuwa ndio uliombadili. Zito kuliko yote ni suala la Tiberius Gemellus, mjukuu wa Tiberius, ambaye naye alipoteza baba na mama katika fitina za nyumba ileile: yeye hakupata nafasi ya kumwonea mtu, kwa kuwa Caligula aliamuru auawe akiwa bado kijana. Yatima aliyeyajua machungu hayo alimfanyia yatima mwenzake kama alivyofanyiwa, na hapo hiari yake haiwezi kufichwa nyuma ya malezi.

Hata hivyo, hoja hiyo haifuti mafunzo ya Capri, bali inawahusisha na maseneta. Kijana huyu wa miaka 24, ambaye kazi ya serikali aliyowahi kushika ni uhazini mdogo tu, walimkabidhi kwa mkupuo mamlaka ambayo Augustus, kaisari wa kwanza, aliyakusanya kidogo kidogo kwa miaka mingi, wala hawakubakiza chombo chochote cha kumzuia.