Warsha ikiisha, ala zinalala wapi?

Ukumbi mmoja wa Walukuba, hapa Jinja, ulijaa hadi madirishani Jumamosi ile. Warsha ya muziki ya siku nne ilikuwa inafungwa: vijana thelathini na ushei, fulana mpya za rangi ya chungwa, bango refu nyuma yao, na mgeni rasmi aliyechelewa saa mbili nzima. Kijana anayeuza chapati karibu na kituo cha boda alipewa heshima ya kuanzisha wimbo kwa tarumbeta. Siku nne tu alikuwa amelishika. Akatoa sauti tano, ya nne ikamponyoka ikalia kama mbuzi, akacheka mdomo ungali kwenye chombo, akaendelea. Vigelegele! Mama yake akapanda jukwaani akamtuza elfu mbili, akaibandika noti kwenye paji la uso lililolowa jasho.

Jumatatu nikampitia kuchukua rolex ya asubuhi, chapati iliyoviringwa na mayai. Nikamwuliza habari za tarumbeta.

"Limerudi Kampala, mzee. Waliyapakia yote usiku ule ule."

Tangu hapo najikuta katikati ya ubishi ambao wapenda muziki wa Uganda wanaujua vizuri. Hizi warsha za mitaani, zinazoletwa na mashirika, makanisa, balozi na waandaaji wa matamasha, zinawajenga vijana, au zinapiga picha na kuondoka?

Wapigaji wakongwe hawaoni aibu kusema. Mpiga ngoma mmoja Msoga, ambaye huwa tunakunywa naye chai, huziita harusi bila ndoa. Si wivu unaomsemesha. Tazama amadinda, marimba ya Buganda: vibao 12 vimelazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba, na wapigaji watatu kwa chombo kimoja. Wa kwanza anaweka msingi kwa mapigo yanayokwenda sawa. Wa pili, aliyeketi akimkabili, anaingiza ya kwake katika mianya ya mwenzake, mkono wa huyu ukishuka wa yule unapanda. Wa tatu ana vibao viwili tu, vile vya mwisho vya sauti ya juu, na kazi yake ni kuokota wimbo uliojificha ndani ya mapigo ya wale wawili. Ukiwa nje unasikia wimbo ambao hakuna hata mmoja wao anayeupiga peke yake. Kwa siku nne kijana mwerevu atakariri sehemu yake. Kumsikiliza mwenzake bila kuyumba, hilo halikaririwi. Linataka miezi ya kupotezana hesabu, kucheka na kuanza upya. Warsha ya siku nne humfikisha mahali pa kupotezana hesabu, kisha inagawa vyeti.

Lakini amadinda hiyo hiyo inawapa hoja wa upande wa pili. Huwezi kujifunza chumbani ukiwa na simu yako. Lazima watu wakutane, na mtu wa kuwakusanya lazima apatikane. Kama si warsha, nani? Shuleni kuna tamasha la muziki, dansi na maigizo, linaloanzia ngazi za chini na kupanda hadi taifa, na limewapa watu wengi ngoma yao ya kwanza. Ila shule nyingi hutoa ala stoo muhula wa mashindano, zikarudishwa kombe likipatikana au likikosekana. Na kijana aliyeacha masomo, kama huyu wangu wa chapati, hana tamasha la kumngojea.

Wanaotetea onyesho la mwisho nao wana lao. Bila tarehe hakuna mazoezi. Kila aliyewahi kuongoza kwaya anajua watu huanza kufika kwa saa wiki ile inayobaki. Tena jukwaa huwasemesha wazazi kuliko barua yoyote. Katika mila za sehemu nyingi za nchi hii ngoma ilikuwa ya wanaume: msichana alicheza, hakupiga. Jumamosi ile ngoma kubwa ilikuwa kwa binti wa miaka kama kumi na minne. Baba yake alisimama mlangoni, mikono kifuani, uso wa hakimu. Wimbo wa tatu ulipoingia mguu wake wa kulia ulikuwa umemsaliti. Huyo asingekuja kutazama mazoezi hata ukimlipa nauli.

Halafu kuna riziki. M-Lisada, shirika la vijana la Kampala, ilianzishwa mwaka 1996 na vijana waliokuwa wakiishi mitaani, na bendi ya matarumbeta ndiyo ilikuwa mguu wake. Bendi za namna hiyo hukodiwa kwenye mahafali, harusi na maandamano. Kwa kijana wa hivyo jukwaa ni kazini, na ukimwambia onyesho ni mapambo ya mfadhili atakushangaa. Hata kule Jumba la Taifa la Maonyesho, lililofunguliwa mwaka 1959, wanamuziki wa Kampala walijijengea desturi ya kukutana jioni za Jumatatu, anayejua na anayejaribu wakipanda jukwaa moja. Wengi walijifunzia mbele za watu.

Kwa hiyo nikipima, suala la siku nne au siku arobaini, jukwaa au hakuna jukwaa, silioni kuwa ndilo lenyewe. Kambi zote mbili zinabishana juu ya kalenda. Mimi nauliza kuhusu sanduku lililopakiwa Jumamosi usiku.

Ala katika nchi hii zilikuwa na kwao. Wapigaji wa kasri ya Kabaka, mfalme wa Buganda, walikuja Mengo, Kampala, kwa zamu kutoka vijijini, na utumishi huo uliwapa ardhi. Ngoma na marimba zilikaa pale pale, kijana wa ukoo akakua akizisikia kila siku. Jeshi la serikali lilipoivamia kasri Mei 1966, ala ziliharibika na wapigaji wakatawanyika. Mwaka uliofuata katiba mpya ikafuta falme. Ziliporudishwa mwaka 1993, miaka karibu thelathini ilikuwa imepita, na kizazi kizima kilikuwa kimekulia pasipo na chombo cha kugusa. Kilichosaidia kuziba pengo ni kwamba baadhi ya ala zilikuwa na nyumba nyingine. Makumbusho ya Uganda, chini ya Klaus Wachsmann tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, hayakuzifungia ala nyuma ya kioo tu; zilipigwa, na Evaristo Muyinda, aliyekuwa mpigaji wa kasri, akazifundisha kwa yeyote aliyekuja kujifunza. Hakuna aliyeita hiyo warsha. Kulikuwa na mahali, chombo na mtu, na kesho yake vyote vitatu vilikuwa bado pale.

Kwetu Busoga, eneo hili la Jinja, somo ni kali zaidi. Bigwala, tarumbeta za vibuyu, kila moja hutoa sauti moja tu, kwa hiyo watu watano au zaidi wanahitajika ili wimbo mmoja utoke. Zilifungamana na kutawazwa na kuzikwa kwa wafalme. Falme zilipokufa, sababu ya kuzipiga ikafa nazo. UNESCO ilipoziingiza mwaka 2012 katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, wazee mabingwa waliobaki walikuwa wanne. Wanne, na wimbo unataka watano! Mradi uliofuata ulibidi uanzie shambani, kwa sababu hata vibuyu vyenyewe vilikuwa vimeadimika. Mbegu zikapandwa kwanza, vijana wakafundishwa. Kibuyu hakikubali ratiba ya siku nne. Kinangoja mvua, kinakomaa, kinakaushwa. Naona huo ndio mpango bora wa mafunzo ya muziki niliowahi kuusikia, na kilicholazimisha uwe hivyo ni mmea.

Mashirika yana jibu, nami siwezi kulipuuza. Wanasema: tukiziacha zitaharibika. Kweli. Nimeiona shule moja upande wa Iganga iliyopewa magitaa sita. Mwaka haukuisha, nyuzi zilikuwa zimekwisha na gitaa moja linashikilia mlango wa jiko usipigwe na upepo. Mali ya wote, kwa uzoefu wangu, huishia kuwa ya mwalimu mkuu: inafungiwa ofisini, na funguo anazo yeye, naye yuko mkutanoni. Tarumbeta nalo lina adabu zake. Linataka mafuta ya vali, na vali ikikwama fundi yuko Kampala. Shirika linalorudisha matarumbeta yake kwa gari linajua linachokwepa. Hapo nawaelewa.

Ila hoja hiyo inahusu zaidi ala zinazotoka mbali. Ngozi ya ngoma ikipasuka, mchinjaji yupo mtaani. Kibao cha marimba kikipasuka, mti na seremala wapo. Embaire, marimba makubwa ya hapa Busoga, hulazwa juu ya shimo lililochimbwa uani, na watu kadhaa huizunguka wakapiga pamoja. Mfadhili akitaka kuondoka nayo itabidi apakie na shimo. Sisemi vijana wa Walukuba wanyimwe tarumbeta kwa sababu ni la kigeni. Mtaa huu ulijazwa na wafanyakazi kutoka kila kona, ndiyo maana Kiswahili ni lugha yetu ya uani, na masikio ya watoto wetu yanameza rumba ya Kongo, nyimbo za kanisani na kadongo kamu, ule muziki wa gitaa wa Uganda, kwa chakula kimoja. Wapige wapendacho. Ninachotaka ni kwamba mkataba wa warsha, kabla ya fulana kushonwa, useme ni ala ngapi zitabaki, zitakaa chumba kipi, nani ana ufunguo, na nani ana ufunguo wa pili huyo wa kwanza akisafiri. Hata yakibaki matarumbeta mawili ya kupokezana, nitatulia.

Watu wa shirika wamesema watarudi likizo ya Agosti. Tumemwendea mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, mimi na mama yake kijana wa chapati, kuomba chumba kilicho nyuma ya ukumbi. Dirisha lake lina nondo na mlango wake ni wa chuma. Kwa sasa kina viti vya plastiki na mifuko kumi na minane ya saruji ya mtu ambaye mwenyekiti hakututajia. Ameahidi kumwuliza.