Kabla Hujanunua Boksi la Alumini, Zungusha Kile Kizungushio

Ilikuwa kama saa mbili usiku, tumeshaiacha Iringa tunaitafuta Mafinga. Tuko kwenye pikipiki: mimi mbele, mke wangu nyuma, maboksi matatu yamejaa mpaka kufungwa kwake ni kwa kukaliwa. Kila lori lililokuja mbele yetu lilinipiga ful. Nikatazama dashibodi: taa yangu ilikuwa dimu, na tangu jua lizame sikuwa nimeigusa. Lori la tano halikushusha taa mpaka tunapishana, na kwa sekunde kadhaa nikaendesha bila kuiona lami. Niliwakasirikia sana madereva wale. Tulipofika Mafinga, kwenye kituo cha mafuta, dereva mmoja akanifuata, akaamkia, akasema kwa upole: "Kaka, taa yako inatupiga machoni. Umepakia nyuma mpaka mkia umekaa. Inua springi."

Alisema kweli. Mkia ukikaa, pua inainuka, na taa ya dimu inaanza kumulika madirisha ya malori badala ya barabara. Pikipiki yangu ni Suzuki V-Strom 650, toleo lililoanza 2012, na ubavuni mwake, chini ya siti, kuna kizungushio cheusi cha duara ambacho mkono tupu unatosha kukizungusha. Kazi yake ni hiyo aliyoisema yule dereva. Nilikuwa nimekaa na pikipiki hiyo miaka miwili bila kukigusa. Katika miaka hiyo hiyo nilinunua maboksi, taa za ziada, kishikio cha simu na siti ya jeli.

Tangu usiku ule msimamo wangu ni mmoja, na huwa nausema kila tunapokutana wenye pikipiki kubwa: tunanunua vitu vingi mno vya kufunga juu ya pikipiki kabla ya kuvijua vile ilivyokuja navyo kutoka kiwandani. Fedha nyingi tunazotumia kutafuta starehe ya safari zinalipia matatizo ambayo mhandisi alishayafikiria na kuyawekea kizungushio, skrubu au alama. Kitabu cha maelekezo kinaeleza yote. Wengi wetu tuliletewa pikipiki zilizotumika, kitabu kilibaki huko huko ng'ambo, na hatukujisumbua kukitafuta, wakati kwa pikipiki nyingi kinapatikana bure mtandaoni.

Nianze na springi ya nyuma, kwa sababu hapo ndipo nilipopoteza starehe nyingi zaidi. Watu husema ukizungusha unaifanya springi iwe ngumu. Hapana. Springi ni ile ile, ugumu wake ni ule ule. Unachobadili ni mahali inapoanzia kubanwa, na hivyo kimo ambacho pikipiki inakaa ikishabeba mzigo. V-Strom yangu ina uzito wa kilo 214 mafuta yakiwa yamejaa. Ukiongeza watu wawili wazima na maboksi, umekaribia kuuzidisha uzito huo mara mbili, na sehemu kubwa ya nyongeza imeangukia gurudumu la nyuma. Gurudumu hilo lina nafasi ya kupanda na kushuka ya milimita 160 hivi. Kama mzigo peke yake umeshakula 90, zimebaki 70 za kupokea matuta yote ya Tanzania. Ndiyo maana mgongo unauma. Siti ya jeli haiwezi kutibu hilo.

Kupima ni kazi ya robo saa na futi ya fundi cherehani. Mtu ainyanyue pikipiki tupu kwa nyuma mpaka springi inyooke kabisa, wewe upime kutoka katikati ya ekseli kwenda juu hadi alama uliyoibandika kwenye mkia. Andika. Kisha pandeni kama mtakavyosafiri, mzigo wote, mabuti na kofia ngumu, mtu wa tatu apime tena pale pale. Tofauti ikiwa karibu theluthi ya ile nafasi yote, kwangu milimita 50 na kitu, uko vizuri. Ikizidi, zungusha. Kizungushio kikifika mwisho na bado umezama, springi hiyo ni laini kwa mzigo wako, na hapo una njia mbili: punguza mzigo, au badili springi. Mimi nilipunguza. Tulikuwa tumebeba viatu jozi sita.

Chini kabisa ya shokapu kuna skrubu ndogo inayopangwa kwa bisibisi. Hiyo inaamua springi irudi kwa kasi gani baada ya kubanwa. Ukipita tuta na nyuma ikakurusha kama godoro la springi, kaza kidogo, robo mzunguko kwa robo mzunguko. Kwanza kabisa ikaze mpaka mwisho taratibu huku ukihesabu mizunguko, uiandike, kisha uirudishe ilipokuwa. Bila namba hiyo utapotea.

Kuna hatari nyingine ya mkia uliokaa ambayo sijaona watu wakiizungumza. Stendi ya pembeni ilipimwa kwa kimo cha kawaida. Nyuma ikizama, pikipiki inasimama wima kuliko inavyotakiwa, na upepo kidogo tu au mtu kuegemea boksi kunaiangusha upande wa pili. Yangu ilianguka hivyo Ruaha Mbuyuni, tunanunua vitunguu. Kioo kikavunjika, na mke wangu alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka pale ilipoangukia. Sipendi kulifikiria.

Sasa tairi. Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa maana ni roho za watu. Kwa V-Strom upepo unaotakiwa ni psi 33 mbele na 36 nyuma ukiwa peke yako. Ukipakia abiria, nyuma inapanda hadi 41. Pikipiki yako itakuwa na namba zake, mara nyingi kwenye kibandiko karibu na mnyororo. Mimi nilikuwa nikisafiri na 36 hiyo hiyo siku zote, watu wawili na mzigo, kwenye joto la Bonde la Mibuyu, na nikalalamika kwamba tairi za nyuma zinaisha haraka. Pima asubuhi kabla hujatembea. Tairi likishapata moto namba inapanda, na ukipunguza upepo wakati huo, kesho yake utaamka na tairi laini. Nunua kipimo chako kidogo cha mkononi, maana vipimo vya vituoni huanguka chini kila siku na kila kimoja kina ukweli wake.

Ubavuni mwa tairi kuna duara refu lenye tarakimu nne. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa "jipya" dukani, nywele zake zote zipo, kumbe limekaa kwenye kontena na stoo miaka saba likikauka. Muuzaji akikuharakisha usiisome namba hiyo, ondoka.

Na kama rimu zako ni za kumimina, zisizo na spoku, huenda tairi zako hazina tyubu. Ziko hivyo V-Strom, ilhali Honda Africa Twin ya CRF1000L ya spoku ina tyubu, kwa hiyo ujue yako ni ipi kabla hujapata pancha. Nilipochomwa na msumari karibu na Mikumi, kijana wa pancha alishaanza kuifungua rimu aweke tyubu, na nyundo mkononi. Nilimwomba aniachie. Ule utambi wa mpira wa kuziba tundu, gundi yake na pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri vinaingia chini ya siti. Dakika kumi tukaondoka, kwa mwendo wa pole hadi mjini. Ile barabara inakatiza ndani ya hifadhi kwa kilomita 50 hivi, na huko si mahali pa kupiga magoti pembeni ya gurudumu. Siku hizi nasimama Doma, kabla ya kuingia, nazunguka pikipiki mara moja kwa macho na mkono.

Makambako nako nilifundishwa jambo. Baridi ya pale mnaijua. Nilifunga usukani usiku kwenye nyumba ya wageni, nikachomoa ufunguo, nikalala. Asubuhi betri imekufa kabisa. Kumbe kwenye swichi ya Suzuki, ukipita pale penye LOCK, kuna hatua moja zaidi yenye herufi P, na ufunguo unachomoka hapo pia. P ni ya kuacha taa ndogo zinawaka ukiegesha gizani kando ya barabara. Ni kitu kizuri cha usalama, lakini kwa usiku mzima ni kaburi la betri. Tukajaribu kuisukuma. Pikipiki zinazopuliza mafuta kwa umeme zinahitaji betri yenye uhai kidogo ili pampu ifanye kazi, kwa hiyo betri ikifa kabisa unaweza kusukuma mpaka Njombe. Ukishafunga usukani, geuka uangalie taa ya nyuma kabla ya kuondoka. Fanya hivyo kila siku.

Pikipiki ikigoma kuwaka kabisa, usimruhusu mtu afungue nyaya kabla hujagusa vitu vitatu kwa mpangilio: ile swichi nyekundu ya kuzima injini ya mkono wa kulia, klachi, stendi ya pembeni. Suzuki haiwaki bila kubana klachi, hata gia ikiwa huru. Stendi ikiwa chini, ukiingiza gia inazima. Tope likikauka kwenye swichi ya stendi, pikipiki inaamini stendi iko chini hata ikiwa juu. Maji na mswaki vinatosha. Nimewahi kulipa nusu siku ya fundi kwa sababu ya swichi nyekundu iliyoguswa na glavu, na yule fundi, kwa haki yake, alikuwa mgeni na pikipiki za aina hiyo.

Kioo cha upepo cha V-Strom kina matundu ya kukipandisha na kukishusha, nafasi tatu. Karibu kila mtu hukimbilia kukipandisha juu, kisha analalamika kelele kichwani zimezidi. Kelele hizo ni upepo uliovurugwa na ukingo wa kioo ukakupiga kwenye kofia. Ukiwa kwenye barabara tupu na mwendo wa wastani, inuka kidogo kwenye vikanyagio. Kelele zikipungua ukiinuka, upepo safi uko juu yako, basi shusha kioo kofia iingie humo. Nilishusha changu hatua moja, na vile vichwa vya jioni nilivyokuwa navimezea dawa vikaisha. Hicho kioo kirefu cha kununua sikukihitaji tena.

Mnyororo. Dashibodi ina vihesabu safari viwili, A na B, na watu wengi hawajui B wafanyie nini. A ni ya mafuta: tangi la lita 20 kwangu linakwenda kama kilomita 400, kwa hiyo nikifika 320 natafuta kituo bila kungoja kipimo kianze kuchezacheza. B ni ya mnyororo. Kila 500 nasafisha na kupaka, nikipita kwenye mvua au vumbi zito naifanya jioni hiyo hiyo. Kuusafisha, tumia mafuta ya taa na kitambaa. Usitumie petroli, kwa sababu mnyororo huu una vipete vya mpira ndani vinavyoshika grisi, na petroli inavila. Oili chafu ya injini waachie wenye mazoea hayo. Inavuta mchanga, na mchanga na oili ni msasa. Ulegevu wa V-Strom ni milimita 20 hadi 30, upimwe pikipiki ikiwa kwenye stendi ya pembeni. Mnyororo uliokazwa sana ni mbaya kuliko uliolegea kidogo, kwa kuwa nyuma ikizama kwa mzigo unakazika zaidi na kuanza kuvuta beringi za giaboksi. Alama kwenye mikono ya nyuma inayoshika gurudumu ziwe sawa kushoto na kulia.

Kuhusu ABS, ule mfumo unaozuia gurudumu lisikwame ukifunga breki, nitasema machache. Yangu haina swichi ya kuizima, na wapo wanaochomoa fyuzi wakielekea Kitulo kwa sababu ya kokoto. Mimi sifanyi hivyo. Kwenye mteremko wa Kitonga mvua inanyesha, malori mbele na nyuma, sitaki kukumbuka kama fyuzi niliirudisha. Kwenye kokoto nashuka na gia ya pili na injini inashika yenyewe. Ukiwa na Yamaha Ténéré 700, jua kwamba ukizima ufunguo ABS inarudi, kwa hiyo ukisimama kula mahindi na kuondoka tena, angalia taa yake.

Leo chini ya siti yangu kuna karatasi niliyoifunga kwa gundi ya nailoni. Ina mistari miwili. Wa kwanza: peke yangu, psi 36, kizungushio hatua ya pili. Wa pili: sisi wawili na mzigo, psi 41, kizungushio hatua moja kabla ya mwisho. Mke wangu ndiye aliyeiandika, kwa mkono wake, na kabla hatujatoka nyumbani yeye ndiye anayeniuliza kama nimezungusha.