Usiulize Kilomita, Uliza Utasubiri Wapi

Mwaka juzi tulimkatia shangazi tiketi ya kwenda London kumwona mjukuu. Wakala, hapa hapa Kampala, alituhakikishia kwamba safari ni "saa 13 tu". Hakudanganya. Alihesabu saa za angani peke yake: tano na kitu hadi Dubai, saba na nusu hadi London. Saa tisa za kukaa kwenye viti vya Dubai usiku kucha hakuzitaja, na sisi hatukuuliza.

Entebbe, kwenye uwanja wetu wa ndege, na London zimetengana kwa kama kilomita 6,500 ukinyoosha mstari. Ukipitia Dubai unaruka kama 3,700 kuelekea kaskazini-mashariki, kisha 5,500 kurudi magharibi. Hizo 2,700 za ziada zinazidi safari ya barabara kutoka Kampala hadi Mombasa, kwenda na kurudi. Mtu wa miaka 67 anazilipa kwa magoti yake.

Tiketi nayo inachanganya. Shangazi aliikunja ndani ya leso, akawa anaifungua kila mara na kusoma kwa kidole: kuondoka 16:15, yaani saa kumi na robo jioni, kufika 12:15, saa sita na robo mchana wa kesho yake. Akahesabu saa 20. Kumbe kila saa iliyoandikwa ni ya mji husika, na majira ya joto London iko nyuma yetu kwa saa mbili. Zilikuwa 22. Ongeza kwamba tulitoka nyumbani saa tano asubuhi kwa kuogopa jamu ya mjini, maana Entebbe iko kilomita 40 hivi kutoka Kampala na hakuna anayejua zitachukua muda gani. Ndege ilipotua, alikuwa na zaidi ya saa 27 tangu afunge mlango wake.

Kule Dubai alivua viatu ili miguu ipumue. Kulipokucha, vikawa haviingii tena. Alipanda ndege ya pili kwa soksi, viatu mkononi. Hilo alituambia baada ya miezi mitatu, na bado linaniuma.

Ndiyo maana nilifurahi sana Uganda Airlines ilipoanza safari ya moja kwa moja kwenda Gatwick, uwanja mmojawapo wa ndege wa London, Mei 2025, takriban miaka kumi tangu British Airways iache kuja Entebbe. Ni saa tisa hivi, unakaa mara moja na kushuka mara moja. Najua tiketi ya kuunganisha mara nyingi huwa nafuu, na kijana mwenye nguvu aichukue bila wasiwasi. Lakini kwa mzee, kwa mama mwenye mtoto mchanga, kwa mgonjwa anayefuata matibabu, naona familia ichange hiyo tofauti. Na mawakala waandike juu kabisa ya karatasi, kwa saa zetu za Kiswahili ikiwezekana: muda wote tangu kuondoka hadi kufika, na muda wa kusubiri.

Mwaka huu shangazi anataka kwenda tena. Safari hii aliingia mwenyewe kwa wakala, na kabla ya kuuliza bei akasema, "Mwanangu, nionyeshe kwanza nitakaa wapi nikisubiri, na kwa saa ngapi."